Seti ya sufuria za nonstiki kwa bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyokuja: kwanza ya anayetaka kununua, kisha ya aliyekwisha kununua na anaona mayai yameanza kung'ang'ania. Mengine yana jibu la mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Nahitaji seti nzima, au kikaango kimoja kinatosha?

Kwa jikoni nyingi za nyumbani, kikaango kimoja kizuri kina kazi kubwa kuliko vyombo vingine vyote vya seti vikijumlishwa. Nonstiki, yaani chombo chenye utando wa ndani usioshika chakula, inasaidia kweli kwa vyakula vichache: mayai, samaki laini anayevunjika, vitu vya unga wa majimaji, na kiporo unachotaka kukipasha bila kuongeza mafuta. Kuchemsha maji, tambi, supu au maharage hakuhitaji utando wowote. Sufuria ya kawaida ya chuma cha pua inafanya kazi hiyo miaka na miaka, na ukoko wake unaweza kuusugua kwa stilwaya bila huruma.

Hata hivyo, anayeanza na jiko tupu huwa anapata nafuu kwenye seti ndogo kuliko kununua kimoja kimoja. Seti ninayoiona ya maana ina kikaango cha sentimita 24 au 28, sufuria ndogo ya lita moja na nusu hadi mbili, kubwa ya lita nne au tano, na mifuniko miwili. Zaidi ya hapo, mara nyingi unalipia vyombo vya kujaza kabati.

"Vipande 12" maana yake ni sufuria 12?

Hapana. Kila mfuniko ni kipande, kila mwiko wa plastiki ni kipande, na wakati mwingine hata vitambaa vya kutenganisha sufuria vinahesabiwa. Hesabu vinavyokaa motoni tu, kisha gawanya bei kwa idadi hiyo. Seti iliyoonekana rahisi inaweza kugeuka ghali pale pale.

Seti nzuri ya bei nafuu inatofautianaje na mbovu?

Kwa unene wa kitako. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kuangalia, ni hilo, wala si jina la utando au rangi ya nje.

Vyombo vingi vya nonstiki vya bei ya chini ni vya alumini, na hilo si kasoro. Alumini inasambaza joto mara nyingi zaidi ya chuma cha pua na ni nyepesi. Tatizo linakuja ikiwa bati lenyewe ni jembamba. Joto halipati pa kusambaa kabla ya kufika juu, kwa hiyo pale moto unapogusa panaungua na pembeni panabaki baridi. Utando wa katikati unapata joto ambalo hukukusudia, unakuwa mweusi na mkavu, na chakula kinaanza kushika hapo hapo. Baada ya muda kitako kinabinuka, mafuta yanakimbilia pembeni, na kwenye jiko la kioo kikaango kinazunguka chenyewe ukikigusa.

Tafuta kitako cha milimita 3 au zaidi, milimita 2.5 inavumilika. Chini ya milimita 2, hata utando bora kabisa utakufa mapema. Angalia pia kama lebo inataja unene wa kitako au wa ukingo, kwa sababu kuna vyombo vyenye kitako kinene na kuta nyembamba, na huo ni mpangilio mzuri tu.

Ukiwa dukani, kipindue. Weka ukingo ulionyooka wa kadi au rula juu ya kitako upite katikati: mwanga mwembamba ukipenya katikati si neno, kwani vyombo vingi hutengenezwa vikiwa na kibonyeo kidogo ili vikipata joto vilale sawa. Kitako kilichotokeza nje kiache. Kisha bonyeza ukuta kwa vidole gumba viwili. Ukiingia ndani kidogo, rudisha rafuni. Mwisho angalia ndani, kwenye vichwa vya ribiti zinazoshika mpini. Utando uliopakwa kwa haraka huonyesha kasoro zake hapo: vitone, alama za michirizi, au alumini tupu inayong'aa kando ya ribiti.

Nanunua mtandaoni, siwezi kubonyeza wala kupindua. Nifanyeje?

Tafuta uzito. Kikaango cha alumini cha sentimita 28, bila mfuniko, chenye karibu nusu kilo ni chembamba. Kinachokaribia robo tatu ya kilo au kuzidi kina bati la kueleweka. Muuzaji asiyetaja uzito wala unene, lakini ametaja tabaka saba za utando na picha ya yai linaloteleza, amekueleza anachotaka ukiangalie. Idadi ya tabaka huwezi kuihakiki ukiwa nyumbani. Uzito unaweza, kwa mizani tu.

Kuna tofauti gani kati ya Teflon, seramiki, graniti, marumaru na almasi?

Kwa kazi ya kutoshika chakula, karibu vyote vinaangukia familia mbili.

Ya kwanza ni PTFE, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Teflon. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alipokuwa akitafuta gesi ya majokofu. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kufika jikoni, kwa sababu kitu kisichoshikwa na chochote hakishiki hata kwenye sufuria. Mhandisi Mfaransa Marc Grégoire alifanikiwa kuigandisha kwenye alumini katikati ya miaka ya 1950, na kampuni ya Tefal ikaanzishwa mwaka 1956. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka Teflon na alumini. Siri ni kuukwaruza uso wa alumini uwe na vishimo vidogo sana vya kuushikilia utando, kisha kupaka tabaka la kwanza la kugandisha kabla ya PTFE ya juu. Ndiyo maana kikaango cha ovyo hubanduka kama maganda hata bila kukwaruzwa na mtu: kazi ya kuandaa uso ilirukwa.

Familia ya pili inaitwa seramiki, ingawa si udongo uliochomwa. Ni utando mwembamba na mgumu uliotengenezwa hasa kwa silika. Hauna PTFE, unastahimili joto kubwa zaidi, na siku za mwanzo unateleza ajabu. Udhaifu wake ni kwamba utelezi huo hupungua mapema kuliko wa PTFE, hata bila kuchubuka.

Graniti, marumaru na "mawe" kwa kawaida ni sura tu: utando wa PTFE au seramiki wenye madoadoa. Hakuna kipande cha mwamba kilichochongwa. Baadhi huchanganywa na chembe za madini au almasi ili kuuimarisha, jambo linalosaidia dhidi ya mikwaruzo lakini halibadilishi kinachofanya chakula kisishike. Alumini iliyofanywa ngumu usoni kwa umeme ("anodized"), ile ya kijivu cha mkaa kwa nje, ni habari nyingine: hapo bati lenyewe limefanywa gumu, na ukiipata kwa bei unayoimudu, ichukue.

Kwa anayetaka chombo kitumike muda mrefu kwa pesa kidogo, mimi nachagua PTFE kwenye bati nene. Kwa anayetaka kukwepa kabisa kemikali za florini, ambazo PTFE ni mojawapo, seramiki ni jibu halali, ila ajipange kukibadilisha mapema.

Nimesikia nonstiki inaleta saratani. Ni kweli?

Hapa vitu viwili huchanganywa. PTFE ni utando wenyewe. PFOA ni kemikali nyingine iliyokuwa ikitumika kiwandani wakati wa kutengeneza PTFE, na ndiyo yenye rekodi mbaya: inakaa mwilini miaka, haiozi katika mazingira, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kampuni nane kubwa zilikubaliana na shirika la mazingira la Marekani mwaka 2006 kuiacha kufikia 2015, na mwaka 2019 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani. Waliobeba mzigo mkubwa ni wafanyakazi wa viwanda na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa karibu navyo, kuliko aliyekaanga yai.

Kipande kidogo cha PTFE kikibanduka na ukakimeza, mwili haukisagi. Kinapita na kutoka. Si sababu ya kuendelea kupikia chombo kinachomwaga vipande, lakini si sababu ya kukosa usingizi pia.

Hatari ya jikoni ni joto la kupita kiasi. PTFE ikivuka nyuzijoto 260 za Selsiasi inaanza kuharibika, na ikikaribia 350 inatoa mivuke yenye sumu. Mtu akiivuta anaweza kupata homa, kutetemeka na kubanwa kifua, hali inayofanana na mafua na ambayo kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili.

Kuna pia wasiwasi wa kimazingira ambao haujaisha. PTFE ni mojawapo ya kemikali za kundi la PFAS, yaani kemikali za florini zisizooza kirahisi katika mazingira, na sehemu nyingine zimeamua kutosubiri: jimbo la Minnesota nchini Marekani lilipiga marufuku kuuza vyombo vya kupikia vilivyowekewa PFAS kuanzia Januari 1, 2025.

Lebo inasema "haina PFOA". Basi haina PTFE?

Sivyo. Siku hizi karibu kila kikaango cha PTFE huandikwa hivyo. Maneno yanayomaanisha hakuna PTFE ni "haina PFAS" au "haina PTFE".

Nafuga kasuku.

Weka ndege mbali na jiko, chumba kingine chenye mlango. Mapafu yao ni dhaifu mno kwa mivuke ya PTFE iliyochomwa. Ndege anaweza kufa kabla wewe hujahisi harufu yoyote. Nyumba yenye ndege ndiyo ninayoiambia moja kwa moja inunue seramiki.

Moto wa kiasi gani ni salama?

Wa kati, na chombo kisiwe kitupu. Kikaango chembamba kilichowekwa kikavu juu ya moto mkali kinafika nyuzi 260 kwa dakika chache, muda wa kukata kitunguu na kujibu simu. Kikiwa na chakula chenye maji, hakifiki huko kirahisi, kwa sababu maji yanaendelea kuchukua joto hilo.

Hakuna haja ya kipimajoto. Tia mafuta kikiwa bado baridi, kisha washa jiko. Mafuta yakianza kutetemeka na kutiririka kwa wepesi, tayari. Yakianza kufuka moshi, punguza, maana mafuta mengi ya kupikia hufuka kati ya nyuzi 200 na 230, na umebakiwa na nafasi ndogo. Ukitumia siagi ni rahisi zaidi: ikitoa povu jeupe uko sawa, ikigeuka kahawia mara tu inapogusa umepitiliza. Lile jaribio la kudondosha maji uone kama matone yanacheza linafaa chuma cha pua. Kwenye nonstiki, matone yakianza kukimbia huku na huku, joto limeshazidi mahitaji yako.

Nyama unayotaka ipate ukoko wa kahawia ipikie kwenye chuma. Nonstiki haiwezi kukupa ukoko huo bila kujiua.

Je, inafaa kwa moto wa mkaa au kuni?

Sufuria ya kuchemshia, sawa. Kikaango, hapana: moto huo huwezi kuupunguza kwa kidole, na miali inapanda kuta hadi kwenye mpini. Kwenye gesi pia chagua kichomeo kidogo kuliko kitako, ili mwali usivuke pembeni.

Nitajuaje kama itafanya kazi kwenye jiko la induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku?

Chukua sumaku ya jokofu uibandike chini. Ikishika kwa nguvu, jiko litaitambua. Alumini peke yake haishikwi, ndiyo maana watengenezaji hubandika bamba la chuma kwenye kitako. Kwenye seti za bei rahisi bamba hilo huwa dogo au lina matundu mengi, na jiko hupasha duara lile dogo tu huku pembeni pakiwa baridi. Tembeza sumaku kutoka katikati hadi ukingoni uone inapoachia.

Mipini na mifuniko ina umuhimu wowote?

Kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mpini ndio unaovunjika kwanza kwenye seti nafuu. Mpini wa bakelaiti, ile plastiki nyeusi ngumu, haupati moto haraka na unatosha kwa jikoni la kawaida, lakini hauendi kwenye oveni yenye joto kubwa. Soma kikomo kilichoandikwa, mara nyingi ni nyuzi 150 hadi 180. Ulioshikwa kwa skrubu utalegea, na hilo si baya maadamu kichwa cha skrubu unakifikia na unaweza kukikaza. Ribiti hazilegei upesi ila hukusanya uchafu kwa ndani. Mfuniko wa kioo wenye tundu la mvuke unakuwezesha kuona bila kufunua. Jaribu kama mfuniko mmoja unaingia vyombo viwili. Seti iliyopangwa vizuri hufanya hivyo, na ni vipande vichache vya kuosha.

Je, lazima niiandae kabla ya kupika mara ya kwanza?

Ioshe kwa sabuni, ikaushe, pangusa mafuta kidogo kwa kitambaa. Basi.

Mbona chakula kimeanza kushika na utando haujachubuka hata kidogo?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu mara nyingi chombo hakijafa. Geuza kikaango kwenye mwanga wa dirisha uangalie pale ukuta unapokutana na kitako. Utaona weupe-kahawia wenye kunata kidogo ukipitisha kidole, kwa kawaida mzito zaidi upande ule ambao mafuta hukusanyikia. Ni mafuta yaliyopata joto mara nyingi yakagandamana, nayo yamefunika utando. Yai halishiki kwenye PTFE. Linashika kwenye hayo mafuta ya zamani.

Mafuta ya kupuliza kwenye kopo ndiyo hodari wa kuleta hali hii, kwani mengi yana lesithini, kiungo kinachogandamana kwa joto, na yanapaka ukungu hadi sehemu ambazo chakula hakigusi. Yaache kwa nonstiki. Kijiko kidogo cha mafuta ya kawaida kinatosha.

Kusafisha: weka maji hadi yafunike alama, tia vijiko viwili vya soda ya kuokea, yachemshe taratibu dakika kumi, acha yapoe, kisha sugua kwa upande laini wa sponji. Madoa sugu yapake uji mzito wa soda hiyo hiyo na maji, uyaache nusu saa. Narudia, soda ya kuokea, si magadi ya kufulia. Magadi hula alumini na kuiacha nyeusi. Ukirudia mara mbili bila mabadiliko, hasa kwenye seramiki, basi utando wenyewe umechoka.

Naweza kutumia mwiko wa chuma? Imeandikwa inaruhusu.

Huenda ikavumilia, lakini kwa chombo cha bei nafuu mimi sijaribu. Mbao au silikoni. Na usikate chakula ndani ya kikaango, kwani ncha ya kisu inafanya uharibifu ambao mwiko hauwezi.

Na mashine ya kuosha vyombo?

Sabuni ya mashine ni kali na ya asili ya magadi, hivyo alumini iliyo wazi kwenye kingo na ribiti hugeuka kijivu chenye vumbi. Osha kwa mkono. Chombo cha nonstiki kinachofanya kazi yake kinaoshwa kwa nusu dakika. Subiri kipoe kwanza. Maji baridi kwenye kikaango kinachotoka motoni ndiyo njia ya haraka ya kukibinua kitako, na sauti ile ya "tang!" unayoisikia ni bati likijikunja. Ukivipanga kimoja juu ya kingine, weka kitambaa au karatasi katikati.

Itadumu kwa muda gani?

Nonstiki ni kama tairi: unainunua ukijua itaisha. PTFE kwenye bati nene, ikitumika karibu kila siku kwa moto wa kati, huenda miaka miwili hadi mitano. Seramiki ya bei nafuu mara nyingi huanza kushika ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ndiyo sababu sioni faida ya kununua nonstiki ya bei ya juu sana: pesa ya ziada inanunua bati na mpini bora, lakini utando utaisha vile vile.

Chombo kimefika mwisho ikiwa unaona alumini inayong'aa chini ya mikwaruzo, utando umevimba vipele, unabanduka vipande, au kitako kinacheza juu ya jiko. Mstari mmoja mwembamba wa juu juu hauhesabiki.

Dhamana ya "maisha" inanisaidia?

Soma mistari ya chini. Karibu kila mara inahusu kasoro za kiwandani: mpini uliovunjika, kitako kilichofunguka, utando uliobanduka wenyewe mapema. Kuchakaa kwa kawaida, mikwaruzo na kuunguzwa havimo. Tunza risiti na upige picha ndani ya chombo siku ya kwanza. Picha hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba vipele vilikuja bila mikwaruzo.

Ikichubuka, naweza kukwangua utando wote niendelee na alumini?

Usifanye. Ukikwangua kwa mkono unabakiza vipande vilivyoshikilia nusu nusu, na vumbi lake unalivuta. Kuna karakana zinazopaka utando upya, lakini kwa chombo cha bei nafuu gharama hiyo huzidi kununua kingine. Nyanya, ndimu na siki pia huyeyusha alumini tupu kidogo kidogo na kuacha ladha ya chuma kwenye chakula. Fungua mpini, uweke kando, na upeleke bati kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alumini huyeyushwa na kutumika tena, ila waambie kwamba ina utando wa PTFE, kwa maana wanaoyeyusha kwenye tanuru la wazi ndio watakaovuta ule mvuke.